Redio na Tangazo la Jumamosi

Ukimkuta nyumbani kwake hutaamini kwamba huyo ndiye Redio. Mtu mrefu, mwembamba, amekaa ukingoni mwa kiti kama mgeni aliyekuja kuomba kitu na hajui aanzie wapi. Ukimsalimu ataitikia kwa kichwa. Ukimuuliza habari za kazi atasema "nzuri," halafu atatazama mlango. Mkewe alikuwa na maneno yake kwa majirani: "Mji mzima unaisikia sauti ya mume wangu, isipokuwa mimi ninayempikia." Majirani wanacheka, naye anacheka kidogo huku akikagua kucha zake.

Lakini mtie ndani ya gari la idara ya maji, umpandishie kioo, umpe maikrofoni mkononi, hapo utasikia mtu mwingine. Sauti inatoka nzito na tulivu, haina haraka, kama ya baba anayewaambia watoto kwamba mlango umeshafungwa na sasa walale. Watu wa mitaani ndio waliompa jina la Redio, na likamganda mpaka wafanyakazi wenzake wakasahau kwamba ana jingine.

Kazi hiyo ilizaliwa na ukame. Mvua zilikuwa zimeukwepa mji ule misimu miwili, bwawa likashuka mpaka visiki vya miti iliyozama zamani vikaanza kuchungulia, na wakubwa wakaanzisha mgao: kila mtaa na zamu yake. Mwanzoni idara ilituma ujumbe kwenye simu. Ujumbe ukawa unafika maji yakiwa yameshakatika. Halafu wakajitokeza wajanja wa kutuma ujumbe wa uongo, na watu wakaacha kabisa kuamini simu. Ndipo likafufuliwa gari moja kuukuu lenye vipaza sauti viwili juu ya paa, akatafutwa mtu wa kusema. Redio wakati huo alikuwa mfagiaji wa bohari. Alijaribishwa siku moja tu kwa sababu aliyepangwa alikuwa mgonjwa, na hakurudi tena kwenye ufagio.

Mtaa aliouogopa kuliko yote ulikuwa mtaa wa juu, ule unaopanda mlima nyuma ya stendi. Maji ya ukame huja na tope. Tope likituama linaacha utelezi ndani ya pipa, na maji mapya ukiyamimina juu yake yanaanza kunuka siku ya pili. Kwa hiyo watu wa mtaa wa juu walikuwa na utaratibu wao. Wakisikia Redio anasema kesho ni zamu yenu, jioni hiyo hiyo wanamwaga mabaki. Wanasugua mapipa kwa mchanga, wanasuuza madumu kwa yale maji mazuri waliyokuwa wakiyabania wiki nzima, kisha wanapindua kila kitu ukutani kikauke. Hawabakizi hata ya kunawa uso. Wanalala na vyombo safi vitupu, wakitegemea neno la mtu mmoja.

Na siku yenyewe hakuna anayetoka nyumbani. Maji ya mlimani hayana nguvu. Bomba linakohoa kwanza, linatoa upepo, ndipo linatoa maji membamba kama uzi. Usipokuwapo kukinga, jirani wa chini yako anakinga ya kwako na ya kwake. Siku ya mgao kinyozi hafungui, fundi viatu hafungui, na anayefiwa anaombwa asubiri.

Mwezi uliopita Redio aliwatangazia zamu, wakamwaga kama kawaida, na maji hayakutoka. Hayakutoka siku hiyo wala siku zilizofuata. Idara haikueleza kitu. Redio alisikia tu huko bohari kwamba zamu ya mtaa wa juu ilirukwa, kama ilivyorukwa mara nyingi nyuma, na hakuna aliyesema iliangukia kwa nani.

Katika mtaa huo alikuwa akiishi dada yake mkubwa, mwanamke aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Dada alikuwa akitunza watoto wadogo wa akina mama wanaofanya kazi za zamu kiwandani. Wanamletea asubuhi na mapema, wanawachukua jioni. Ule mgao uliporukwa, Dada alikwenda kuomba maji huku na huku, akapata ya kisima cha fundi matofali, na mtoto mmoja akaanza kuharisha. Mtoto alipona. Lakini mama yake alisema maneno makali mbele ya wenzake, na wawili kati yao wakawaondoa watoto wao. Waliobaki walimwambia wazi: litokee tena, na sisi tunawachukua wetu. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimweka Dada mjini.

Dada hakumlaumu ndugu yake. Alimwambia jambo moja tu, akiwa ameinama anasafisha pua ya mtoto: "Sauti ilikuwa yako, mdogo wangu."

Tangu siku hiyo Redio akawa halali vizuri.

* * *

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, bosi wa matangazo alimwita ofisini. Kilikuwa chumba kidogo chenye feni inayozunguka kwa kunung'unika, na bosi mwenyewe, mtu mnene mwenye kitambaa cha jasho begani, alikuwa amesimama badala ya kukaa.

"Funga mlango," alisema.

Utaratibu wao ulikuwa hivi: bosi anasema tangazo kwa mdomo, Redio analirudia mpaka bosi aridhike, basi. Hakuna kuongeza neno, hakuna kupunguza.

"Wananchi wa mtaa wa juu," bosi alianza, "maji yatatoka kesho Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Wananchi wote mnaombwa kuwapo majumbani."

Redio alirudia. Alipofika pale pa "kuwapo majumbani" ulimi ukamkwama, maana maneno hayo hayakuwahi kuwamo. Nani aliwahi kuwaomba watu wa mtaa wa juu wakae nyumbani siku ya maji? Ni kama kumwomba mwenye njaa afungue mdomo.

"Tena," bosi alisema.

Akarudia, safari hii vizuri.

"Bosi," alisema, na sauti yake ya kawaida ikatoka nyembamba, "kweli yatatoka?"

Bosi aliitazama feni. "Nimeambiwa yatatoka."

"Mara ile pia tuliambiwa."

"Redio, wewe una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Wanasoma?"

"Wanasoma."

"Basi waache wasome." Bosi alijifuta shingo. Hakuonekana kama mtu anayemtisha mwenzake. Alionekana kama mtu ambaye naye ametoka kuulizwa swali hilo hilo muda si mrefu. "Limetoka juu, limeshuka kwangu, linashuka kwako. Nenda katangaze."

Nje, dereva wa gari la matangazo alikuwa ameegemea boneti akipiga mswaki kwa kijiti. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kicheko cha sokoni, na wote walimwita Breki, kwa sababu alikuwa akiona hata kuku barabarani anasimamisha gari kwa miguu miwili.

"Wapi leo, kaka?"

"Mtaa wa juu. Zamu yao kesho asubuhi. Saa tatu mpaka saa saba."

Breki alitoa kijiti mdomoni. "Kesho? Kesho si ndiyo siku yao na diwani?"

Redio alisimama, mkono ukiwa kwenye mlango wa gari. Alikuwa amesahau. Watu wa mtaa wa juu walikuwa wamehangaika miezi kumpata diwani wao aje mbele yao, naye kila mara yuko safarini, yuko kikaoni, ana mafua. Mwishowe alikubali: Jumamosi, saa nne, uwanja wa shule ya msingi. Walikuwa na swali moja la kumuuliza. Zamu yetu ikirukwa, maji yetu yanakwenda wapi?

"Saa nne," Breki alisema, akihesabu kwa kijiti hewani. "Na maji saa tatu. Na nani atakwenda mkutanoni bomba likiwa linatoka? Hata mimi ingekuwa siku ya harusi yangu nisingekwenda. Bwana harusi angenikuta na ndoo."

Kwa kawaida Redio angecheka. Safari hii alipanda garini akafunga mlango.

"Diwani atafika," Breki aliendelea huku akiwasha gari, "atakuta viti na mbwa wawili. Atapiga picha, atasema, nilikuja na hamkuwapo. Mwaka mzima tena wamtafute. Wametutumia sisi, kaka. Wamekutumia wewe."

"Na kama yatatoka kweli?"

Breki aliingiza gari barabarani. Swali hilo ndilo lililomkaba Redio. Kama lingekuwa uongo mtupu angejua la kufanya, au angalau angejua analoliogopa. Lakini huenda maji yangetoka kweli. Asipotangaza, au akiwaambia watu wasiamini, wakaenda wote mkutanoni na maji yakapita, basi yeye ndiye atakayekuwa amewanyima. Akitangaza kama alivyoambiwa na yasitoke, watakuwa wamekosa maji na wamekosa mkutano, na pipa la dada yake litakuwa limepinduliwa ukutani. Aligeuza jambo hilo upande huu na upande ule, na kila upande ulikuwa na miiba.

* * *

"Nipitishe kwa dada kwanza," alisema.

Dada alikuwa uani na watoto. Mmoja alikuwa mgongoni, wengine walikuwa wanajenga nyumba kwa vifuniko vya chupa. Karibu na mlango wa jiko kulikuwa na pipa la bluu. Redio alifunua kifuniko kabla hata ya kusalimu. Lilikuwa limebaki chini ya nusu.

"Siku hizi unanikagua?" Dada alisema. "Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Una uso wa mtu aliyemeza kijiko. Kuna nini?"

Redio alitazama watoto, akatazama ukuta. "Nikipita kutangaza leo," alisema polepole, "usimwage."

Dada alimwangalia. "Nisimwage nini?"

"Hayo ya kwenye pipa. Usioshe. Yaache tu."

"Kwa hiyo maji hayatatoka."

"Sijui, dada. Yanaweza kutoka. Yanaweza yasitoke. Wewe usimwage."

Dada alimshusha mtoto mgongoni taratibu, akamweka kwenye mkeka. Upande wa pili wa ukuta alisikika jirani yake akigombana na mtoto kwa kunawa miguu kwa maji ya kunywa.

"Na huyo?" Dada aliuliza kwa sauti ya chini, akielekeza kidevu ukutani. "Yeye amwage?"

Redio alirudishia pipa kifuniko chake.

"Na wa nyumba ya pili? Na yule kikongwe wa pale kona? Utanong'ona mlango kwa mlango mpaka lini? Au mimi ndiye mwenye ndugu idarani, wenzangu wakafie mbele?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kesho nimepangwa kusema mkutanoni. Fundi Cherehani, mwenyekiti wetu, kanichagua nieleze habari ya watoto. Nimejizoeza mpaka hawa wadogo wanaijua hotuba yangu. Sasa unaniambia nini, mdogo wangu? Niende au nikae na bomba?"

"Sijui," Redio alisema, na ilikuwa kweli.

Alirudi garini. Breki alimtazama mara moja, akaliondoa gari bila kuuliza.

Barabara ya kwanza ilikuwa ile ya chini kabisa ya mlima. Redio alipandisha kioo, akabonyeza maikrofoni, na sauti ikatoka kama inavyotoka siku zote, tulivu, ya kuaminika. Wananchi wa mtaa wa juu. Maji yatatoka kesho Jumamosi. Mnaombwa kuwapo majumbani. Aliisikia ikirudi kutoka kwenye kuta, akaichukia.

Milango ilianza kufunguka. Mtu alipiga makofi. Watoto wakakimbia nyuma ya gari wakiimba "Redio! Redio!" Kijana mmoja wa duka akaanza kushusha mbao za dirisha akimwambia mwenzake kwamba kesho hafungui. Na pale mbele, mwanamke mwenye kanga iliyofifia alitoka na beseni limejaa, maji mazuri, safi, yenye kumeta, akalimwaga lote kwenye mtaro kwa mkono mmoja, kama mtu anayemwaga maganda.

Redio aliyaona maji yale yakikimbia na vumbi.

"Msimwage," alisema.

Hakuwa amepanga. Maikrofoni ilikuwa imebonyezwa bado, na neno likaenda mtaa mzima. Breki akasimamisha gari kwa miguu miwili, wote wawili nusura wapige vichwa kwenye kioo.

"Kaka!"

"Msimwage mliyo nayo," Redio aliendelea, na sasa sauti ilikuwa inatetemeka kidogo lakini ilikuwa bado ile ile. "Nimeambiwa maji yatatoka kesho saa tatu. Mimi sina uhakika. Narudia, mimi ninayewatangazia sina uhakika. Osheni chombo kimoja tu, vingine viacheni. Na kesho kila nyumba iache mtu mmoja bombani." Aligeuza macho upande wa shule. "Wengine mnajua mlikuwa mnakwenda wapi. Nendeni."

Yule mwanamke alisimama na beseni tupu.

"Sasa ndiyo unasema?" alipiga kelele kuelekea gari. "Nimeshamwaga ndiyo unasema, we mwanamume?"

Redio aliinamisha uso. Breki aliingiza gia.

"Kazi tumeshapoteza," alisema. "Angalau tuipoteze mtaa mzima."

Wakapanda mlima wote, barabara kwa barabara, na kila barabara Redio akasema maneno hayo hayo mapya. Walipokuwa wakishuka, simu yake ilianza kutikisika mfukoni. Alijua ni nani. Aliiacha itikisike.

* * *

Jumamosi saa nne uwanja wa shule ulikuwa na watu. Si kama siku ya uchaguzi, lakini walikuwapo, wengi wao wanawake, kila mmoja ameshika simu mkononi kama mtu anayesubiri habari za mgonjwa. Kila dakika mtu alimgeukia mwenzake: "Kwako?" "Bado. Kwako?" "Linapiga mluzi tu."

Redio alisimama nyuma kabisa, penye ukuta wa vyoo vya shule. Hakutaka kuonwa. Gari lilikuwa nje ya geti na Breki ndani yake, maana hakuna aliyewaambia walirudishe na wao hawakuuliza. Tangu jana usiku alikuwa hajaweka kitu tumboni. Saa tatu ilikuwa imepita zamani. Kama maji yangetoka sasa hivi, watu hawa wangetimua mbio, na yeye angeonekana mzushi aliyewachelewesha. Kama yasingetoka, ndiyo yale yale. Alijikuta hajui aombe lipi.

Diwani alichelewa. Aliposhuka garini alikuwa akizungumza na msaidizi wake, akicheka, kisha akainua macho na kuuona uwanja. Kicheko kikamkauka. Lakini alikuwa mzoefu. Alipanda jukwaani, akapunga mikono yote miwili.

"Ndugu zangu! Nimefurahi kuwaona, lakini pia nimewahurumia. Hivi ninavyosema nanyi, maji yanatoka katika mabomba yenu. Nimehakikisha mwenyewe. Sasa jamani, mimi nitakuja siku yoyote, maji hayasubiri. Rudini mkakinge, tutapanga siku nyingine."

Uwanja ukatikisika. Wanawake wa safu za nyuma walisimama, mmoja akaanza kumfunga mtoto mgongoni kwa haraka. Redio aliona mkutano ukivunjika mbele ya macho yake, kama kamba inayofumuka.

"Kaeni kwanza!"

Alikuwa Fundi Cherehani, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mama mfupi mwenye futi ya kupimia nguo ambayo hata siku hiyo ilikuwa shingoni. "Kaeni. Kila nyumba imeacha mtu. Ulizeni!"

Simu zikapanda masikioni. Kwa muda kidogo uwanja mzima ulikuwa sauti za haloo, haloo.

"Wangu anasema hata tone."

"Huku hakuna."

"Hata huku."

Dada alikuwa safu ya mbele. Alikuwa amewaacha watoto na jirani yake wa ukutani. Aliiweka simu kwenye sauti kubwa, akaiinua juu ili diwani naye asikie.

"Jirani, yametoka?"

"Yatoke wapi?" simu ilijibu. "Nimekaa hapa na sufuria kama mwehu. Kuna mende ametoka bombani, maji hakuna. Mwambie huyo mheshimiwa aje akinge hewa!"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa na ncha. Diwani naye alijaribu kucheka.

"Basi kuna hitilafu ndogo. Nitafuatilia nikifika ofisini."

"Fuatilia hapa hapa, Mheshimiwa," Fundi Cherehani alisema. "Kiti kipo."

"Mama, mimi nina ratiba."

"Hata sisi tunayo. Huu mgao si ndiyo ratiba? Mbona yetu inarukwa?"

"Mambo ya mgao yanapangwa na kamati."

"Kamati ina mwenyekiti?"

"Ndiyo, kila kamati ina mwenyekiti."

"Nani?"

Diwani alifungua chupa yake ya maji, akanywa kidogo, akaonekana kujuta kwa kunywa mbele yao. "Kwa sasa," alisema, "ni mimi."

Dada alisimama, akaanza kusema habari za watoto, bila karatasi, na alipofika kwa yule aliyeharisha sauti ilimkatika, akaendelea hivyo hivyo. Diwani alimsikiliza nusu. Geti lilikuwa limejaa watu na gari lake lilikuwa nyuma yao. Mwishowe akainua kidole kama anayeomba ruhusa, akashuka jukwaani na simu, akatafuta mahali penye faragha. Mahali palipokuwa na faragha palikuwa penye ukuta wa vyoo.

Alisimama hatua chache tu kutoka alipokuwa Redio, amempa mgongo. Watu wakubwa hawamwoni mtu aliyesimama karibu na choo.

"Wafungulieni huku juu," alisema kwa sauti iliyobanwa. "Sasa hivi. Sijui, toeni bondeni. Ndiyo, bondeni fungeni, wafungulieni hawa. Nimesema sasa hivi!"

Juzi tu, Alhamisi, Redio alikuwa amepita mtaa wa bondeni na gari lile lile kuwatangazia zamu ya Jumamosi asubuhi, na jana, akimwaza diwani tu, hakukumbuka kwamba zamu hizo mbili zinagongana. Hao hakuwaambia wasimwage. Hakuwaambia kitu chochote zaidi ya alichoambiwa aseme.

Muda si mrefu simu zikaanza kulia uwanjani, moja, tatu, nyingi. "Yametoka! Kwetu yametoka!" Safu za nyuma zikakimbia. Diwani alirudi jukwaani na uso uliochangamka, akafungua mikono kama aliyeleta mvua. Lakini waliobaki hawakushangilia. Walikuwa wamemwona akienda na simu, na wamemwona akirudi.

"Kumbe ni simu tu," mwanamke mmoja alisema taratibu. "Siku zote hizo, kumbe ni kupiga simu."

Redio alitaka kusema. Alifungua mdomo, ukatoka upepo, kama bomba la mlimani. Alijipenyeza katikati ya watu akiinamisha kichwa, akafika kwa dada yake, akamshika kiwiko.

"Amewafungia wa bondeni," alimwambia sikioni. "Nimemsikia. Ndio wenye zamu leo. Mimi ndiye niliyewatangazia."

Dada alimtazama, akatazama njia ya kwenda nyumbani kwake, ambako pipa lilikuwa linajaa bila yeye. Kisha aligeukia jukwaa.

"Mheshimiwa!" alisema kwa sauti iliyofika mpaka getini. "Haya umetuletea. Umeyatoa wapi?"

Mikono ya diwani ikashuka.

"Jibu, tupo," Fundi Cherehani alisema, akavuta kiti, akakaa. Na wengine wakakaa.

Dada alimsukuma Redio begani. "Sasa wewe unangoja nini hapa? Nenda kawaambie."

* * *

Simu ilitikisika tena alipokuwa akipanda garini. Safari hii alipokea.

"Redio," bosi alisema, na nyuma yake feni ilisikika, "leta gari hapa. Maikrofoni usiiguse. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

"Upesi. Nimeulizwa mara tatu uko wapi."

"Napitia bondeni kwanza," Redio alisema, akakata, akabaki akiikodolea simu macho kana kwamba ni yeye aliyekatiwa.

Bondeni hakukuwa na mabomba ya majumbani. Watu walikuwa wakikinga kwenye mabomba ya barabarani, na foleni ya madumu ilikuwa imenyooka mpaka kwenye kona. Maji yalikuwa yamekatika madumu machache tu yakiwa yamejaa. Watu walikuwa bado wamesimama, wakiamini yatarudi. Walipoliona gari, nyuso zikafunguka.

"Afadhali umekuja," mzee mmoja mwenye ndoo mbili alisema. "Yamekatika. Ni bomba limepasuka?"

Redio alikuwa na maikrofoni mkononi na hakuna aliyempa maneno.

"Hapana," alisema, na mtaa ukasikia. "Halijapasuka. Yamefungwa. Aliyefunga yuko katika uwanja wa shule ya mtaa wa juu, hajaondoka, watu wamekaa naye. Anaulizwa. Anayetaka kuuliza na yeye aende."

Wengine walimtukana. Mwanamke mmoja alikaa chini juu ya dumu lake akashika kichwa. Lakini yule mzee aliweka ndoo zake ukutani, akamwambia mwenzake azilinde, akaanza kupanda mlima, na nyuma yake watu wakaanza kujipanga mmoja mmoja, wale waliokuwa kwenye foleni, kwa mpangilio ule ule wa foleni.

Breki aliwatazama kwenye kioo cha pembeni. "Sasa kaka? Idarani?"

Simu ilikuwa ikitikisika juu ya dashibodi, ikisogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Redio aliishika isianguke, akaigeuza kifudifudi.

"Bado," alisema. "Kuna barabara mbili za huku hazijasikia."